Kipande, Kibarua na Mkataba

Msomaji, katika lugha yetu yako maneno matatu yaliyozaliwa na karatasi, na yote matatu yahusu mtu afanyaye kazi kwa mwenziwe. La kwanza ni kipande, la pili ni kibarua, na la tatu ni mkataba. Kipande kilikuwa hati ambayo Mwafrika alilazimishwa kuichukua popote aendapo wakati wa ukoloni. Kibarua, kwa asili yake, ni barua ndogo, yaani cheti alichopewa mtu wa kazi ya kutwa ili kionyeshe siku alizofanya kazi. Baadaye jina la cheti likahamia kwa mtu mwenyewe, na hata leo twamwita hivyo. Mkataba ni maandiko ya mapatano baina ya watu wawili walio huru. Ukiyafuata maneno haya kwa mpango wake utaiona historia ya sheria ya kazi katika Kenya, na mahali pazuri pa kuifuatia ni Nyeri na miji mingine iliyouzunguka Mlima Kenya.

Siku hizi katika miji hiyo, Nyeri na Karatina, Nanyuki, Embu na Meru, wako mawakili ambao sehemu ya kazi yao haionekani mahakamani. Hukaa na wenye viwanda vya majani ya chai, wenye mashamba ya maua, wenye hoteli, vyama vya ushirika na shule za watu binafsi, wakawaonyesha sheria yataka nini kwa watu waliowaajiri. Husoma mikataba, hukagua daftari za mishahara, hutunga kanuni za nidhamu, na huulizwa maswali kabla mtu hajafukuzwa kazi. Kazi yao yafanana na ile ya fundi anayeitwa kuutazama ukuta kabla haujaanguka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kazi ya namna hii isingaliweza kuwapo miaka mia moja iliyopita. Wanasheria walikuwapo, na sheria za kazi zilikuwapo tena nyingi. Lakini sheria zile zilisema na mtumishi zaidi kuliko zilivyosema na bwana. Bwana hakuwa na haja ya kumwuliza wakili, “Je, nimemtendea mtu huyu kwa haki?” kwa kuwa sheria yenyewe haikumwuliza swali hilo. Jinsi swali hilo lilivyoingia katika sheria ndiyo habari ninayotaka kukueleza.

Mji wa Nyeri ulianza mwaka 1902 kama boma la serikali ya Waingereza, baada ya askari wao kuwapiga watu wa nchi ile. Pamoja na boma ilikuja kodi ya nyumba, na kodi ilitakiwa kulipwa. Mtu aliyekuwa na mbuzi na shamba la viazi hakuwa na fedha. Fedha zilipatikana kwa kumfanyia kazi mgeni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, yaani tangu mwaka 1919, serikali iligawa mashamba kwa askari wa Kizungu waliotoka vitani, na mengine yalikuwa katika nchi ya Nanyuki na Laikipia. Mashamba yale yalitaka mikono, na mikono ilitoka katika Nyeri na wilaya za jirani.

Sheria iliyotawala kazi hiyo ilitungwa mwaka 1906, nayo iliitwa Sheria ya Mabwana na Watumishi. Jina lake latosha kukuonyesha nia yake. Kwa sheria ile, mtumishi aliyeacha kazi kabla ya muda wake kwisha, au aliyekataa amri, hakuhesabiwa kuwa mtu aliyevunja mapatano tu. Alihesabiwa kuwa mhalifu, akashtakiwa mbele ya hakimu, akatozwa faini au akafungwa gerezani. Ni kweli kwamba sheria ilikuwa na maneno pia juu ya bwana asiyelipa mshahara. Lakini jiulize, ni kijana gani wa miaka ile, asiyejua kusoma wala lugha ya hakimu, angalitembea maili nyingi kwenda bomani kumshtaki bwana wake?

Liangalie jambo hili pia. Katika Uingereza kwenyewe, wafanyakazi walikuwa wamepigania jambo lilo hilo, na mwaka 1875 Bunge lao lilifuta sheria iliyomfanya mfanyakazi kuwa mhalifu kwa kuvunja mapatano ya kazi. Kwa hiyo miaka 31 baada ya kuiondoa kwao, waliileta kwetu. Tusidhani basi kwamba watawala hawakujua ubaya wake. Walijua, lakini walihesabu kwamba lisilomfaa mtu wa London laweza kumfaa mtu wa Nyeri.

Juu ya sheria hiyo kiliwekwa kipande. Amri ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, lakini kwa ajili ya vita haikutimizwa mpaka mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 au zaidi alitakiwa kuwa na hati yenye jina lake na alama za vidole vyake, pamoja na jina la bwana wake, tarehe ya kuanza kazi, mshahara, na tarehe ya kuachishwa. Hati hiyo ilitiwa katika kikopo cha bati kilichofungwa kwa kamba, na wengi walikivaa shingoni. Wakikuyu walikiita mbugi, maana yake kengele ya mbuzi. Neno hilo lina uchungu mwingi, maana kengele huvishwa mnyama ili mwenyewe asimpoteze.

Nguvu ya kipande ilikuwa katika sahihi. Mtu alipomaliza kazi, bwana alitia sahihi kwamba amemruhusu kwenda. Bila ya sahihi hiyo hakuna bwana mwingine aliyeruhusiwa kumwandika, na polisi akimkuta njiani alijua mara moja kwamba huyu ametoroka. Hebu jiweke mahali pake, wewe msomaji. Umefanya kazi shambani karibu na Naro Moru, chakula ni kibaya na mshahara umekawia. Wataka kwenda zako. Lakini karatasi iliyo shingoni mwako yasema huwezi kwenda mpaka yule unayemkimbia akupe ruhusa.

Wako pia waliohamia mashambani pamoja na jamaa zao na mifugo yao. Kwa sheria ya mwaka 1918 mtu wa namna hiyo alitakiwa kumfanyia mwenye shamba kazi ya siku zisizopungua 180 kila mwaka, ndipo apewe ruhusa ya kukaa na kulima kipande cha ardhi. Na mwaka 1919 Gavana Northey alitoa waraka ulioagiza maofisa na machifu wahimize watu kwenda kufanya kazi kwa walowezi, wanawake na watoto pia wakitajwa humo. Waraka ulisema ni kuhimiza. Lakini chifu akihimizwa na ofisa, naye akihimiza kijiji, kuna tofauti ndogo sana baina ya kuhimiza na kulazimisha.

Watu hawakunyamaza. Mwaka 1921, mabwana walipopanga kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, Harry Thuku na wenzake walianzisha chama katika Nairobi, wakapinga kipande, kodi na upunguzaji wa mishahara. Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika penye kituo cha polisi kudai afunguliwe. Polisi walipiga risasi, na kwa hesabu ya serikali yenyewe watu 21 walikufa. Miongoni mwao alikuwa Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewatangulia wengine kwa ujasiri wake. Kipande hakikuondolewa siku ile. Kiliendelea mpaka mwaka 1947, ilipotungwa sheria mpya ya kuwaandikisha watu wa makabila na rangi zote.

Mji wa Nyeri una mahali pake pa pekee katika habari hii. Tarehe 1 Mei 1949 vyama kadhaa vya wafanyakazi viliungana katika Kenya, rais wa muungano huo akiwa Fred Kubai na katibu wake Makhan Singh, Mhindi aliyezaliwa Punjab mwaka 1913 na kuletwa Kenya angali kijana. Serikali ilikataa kuuandikisha muungano huo. Mwezi Aprili 1950, katika mkutano wa Kaloleni mjini Nairobi, Makhan Singh alitoa hoja kwamba nchi za Afrika ya Mashariki zipewe uhuru. Mwezi uliofuata alikamatwa pamoja na Kubai, na wafanyakazi wa Nairobi wakagoma kwa siku nyingi. Makhan Singh alipelekwa Nyeri, na huko ndiko maneno ya serikali juu yake yaliposikizwa mbele ya Jaji Thacker, ambaye baadaye alisikiza kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake huko Kapenguria. Makhan Singh aliamriwa azuiliwe mbali na watu, naye hakufunguliwa mpaka mwezi Oktoba 1961. Zaidi ya miaka kumi na moja ilipita hapo katikati.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi Oktoba 1952. Katika Nyeri na wilaya nyingine za mlima, watu walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, wakatolewa kwa zamu kwenda kazi za lazima bila ya ujira. Pembezoni mwa msitu wa Mlima Kenya lilichimbwa handaki lenye urefu wa takriban maili 50, ili wapiganaji walio msituni wasipate chakula kutoka vijijini. Waliolichimba wengi wao walikuwa wanawake. Hapakuwa na kipande katika kazi ile, wala kibarua, wala mkataba. Palikuwa na amri tu. Ukipita leo penye ukingo wa msitu, kumbuka kwamba jembe lililochimba pale halikulipwa hata senti moja.

Uhuru ulipokaribia, njia mpya ilianza kutafutwa. Mwezi Oktoba 1962, Tom Mboya akiwa Waziri wa Kazi, serikali, shirikisho la waajiri na shirikisho la vyama vya wafanyakazi walitia sahihi Mapatano ya Mahusiano ya Kazi. Waliahidiana kutatua ugomvi kwa mazungumzo kabla ya mgomo au kufunga milango ya viwanda. Mwaka 1964 ikaanzishwa Mahakama ya Kazi, isikize ugomvi baina ya waajiri na vyama. Hapa ndipo neno mkataba lilipoanza kupata maana yake, kwani sasa pande mbili zilikaa penye meza moja.

Hata hivyo mtu mmoja mmoja alikuwa bado hana ngao ya kutosha. Sheria ya Ajira ya mwaka 1976 ilimruhusu mwajiri kumwachisha mtu kazi kwa kumpa notisi, au mshahara badala ya notisi, bila ya kumweleza sababu. Mtu aliyefanya kazi miaka ishirini kiwandani aliweza kupewa bahasha yenye mshahara wa mwezi mmoja na kuambiwa kwaheri. Akiuliza, “Nimekosa nini?” jibu lilikuwa kwamba hakuna ulazima wa kumjibu.

Badiliko kubwa lilikuja mwaka 2007, Bunge la Kenya lilipopitisha sheria tano za kazi kwa pamoja. Moja kati yake, Sheria ya Ajira, ilianza kutumika mwaka 2008. Kifungu chake cha 41 chasema kwamba mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa sababu ya kosa, ugonjwa au udhaifu wa kazi, lazima amweleze sababu hiyo katika lugha anayoielewa. Zaidi ya hayo, mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazini, au mjumbe wa chama, aliyemchagua mwenyewe, na maneno yao yasikizwe kabla ya uamuzi. Kifungu cha 43 chamtaka mwajiri aithibitishe sababu yake. Asipoweza, kuachisha huko huhesabiwa si kwa haki, na mahakama yaweza kumtoza mshahara wa mpaka miezi 12.

Katiba ya mwaka 2010 iliongeza nguvu. Ibara ya 30 yakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa. Ibara ya 41 yampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki kazini. Mwanzoni sheria ya mwaka 2007 ilikuwa imewanyima walio na chini ya miezi 13 kazini haki ya kushtaki kwamba wameachishwa bila haki, lakini mwaka 2012 Mahakama Kuu iliamua kwamba kikwazo hicho chapingana na Katiba. Ile Mahakama ya Kazi ya zamani nayo ilipandishwa cheo kuwa sawa na Mahakama Kuu, na leo yaitwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Ina kituo chake Nyeri, na kingine Meru. Katika mji ule ule ambapo mtetezi wa wafanyakazi aliamriwa kuzuiliwa mwaka 1950, mchuma majani na mlinzi wa usiku waweza leo kumwita tajiri wao mbele ya jaji.

Basi, msomaji, sasa waweza kuona kwa nini wakili mshauri anahitajiwa. Sheria imekwisha kumgeukia bwana na kumwuliza swali, na bwana ataka kujua jinsi ya kujibu. Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo lieleweke. Katika kiwanda kimoja cha majani ya chai yuko karani wa mizani. Wakulima wanalalamika kwamba uzito wa majani yao unapunguzwa. Meneja amekasirika, na wakulima wamejaa uani. Ampigia simu wakili wake na kusema, “Namfukuza leo hii mbele yao, ili waone kwamba hatumlindi mwizi.”

Wakili aliye mwema atamzuia. Atamwambia: Mwandikie barua ya kumweleza ashtakiwa nini, siku gani na kwa mizani ipi. Mpe siku za kujibu. Mwite katika kikao, aje na mwenzake, mseme naye kwa Kiswahili au Kikuyu kama ndiyo lugha aijuayo vizuri. Wasikize mashahidi, andika yaliyosemwa, kisha amua. Akionekana ameiba, sheria yakuruhusu kumwachisha mara moja. Lakini ukimfukuza leo kwa hasira, naye alipwa shilingi 25,000 kwa mwezi, mahakama yaweza kukutoza mpaka shilingi 300,000, mbali na notisi na likizo asizolipwa. Na hata kama kweli ameiba, waweza kuonekana umekosa kwa kuwa hukumsikiza.

Meneja atasema huo ni urasimu wa kupoteza wakati. Tuendelee na mfano wetu. Kikao kinafanywa, na mwenzake karani, fundi wa mitambo, anasema kwamba mizani ile haikukaguliwa tangu ilipoanguka kutoka garini. Inaletwa, inapimwa kwa jiwe la uzito ujulikanao, na inaonekana ndiyo iliyo mbovu. Karani hakuiba kitu. Laiti angalifukuzwa asubuhi ile, kiwanda kingalimpoteza mtu mwaminifu, na mizani mbovu ingaliendelea kuwapunja wakulima chini ya karani mpya. Sheria yataka mtu asikizwe kwa sababu hii: mwenye hasira hudhani ajua, na njia ya kujua ni kusikiza.

Kazi ya mshauri haiishi katika kuachisha watu. Huangalia kwamba kila aliyeajiriwa kwa miezi mitatu au zaidi ana mkataba wa maandishi. Kwamba likizo ya mwaka haipungui siku 21 za kazi. Kwamba mama aliyejifungua apata miezi mitatu yenye mshahara, na baba wiki mbili. Mwajiri mwenye watu 20 au zaidi hutakiwa kuwa na kanuni iliyoandikwa ya kuzuia unyanyasaji wa kijinsia, na mahali penye watu 20 huwa na kamati ya usalama. Michango ya uzeeni, na ile ya Bima ya Afya ya Jamii iliyoanza Oktoba 2024, yataka kupelekwa kwa wakati. Haya yote yaonekana kuwa mambo madogo ya daftari. Lakini nyuma ya kila mstari wa daftari pana mtu: mtambo uliofunikwa ni kidole kilichookoka, na mchango uliopelekwa ni kitanda cha hospitali kilicholipiwa.

Na sasa turudi kwa kibarua, maana hapo ndipo penye ugomvi mwingi katika nchi ya mlima. Kahawa ina misimu yake. Buni zinapoiva mwishoni mwa mwaka, mwenye shamba huhitaji watu wengi kwa wiki chache, na ni haki kuwaita vibarua na kuwalipa kila jioni. Lakini majani ya chai huchumwa mwaka mzima, na kiwanda hakilali. Mtu afikaye kiwandani kila siku, mwezi baada ya mwezi, akiitwa kibarua, ana ukibarua gani? Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira chajibu. Kibarua akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au akifanya kazi isiyotazamiwa kwisha katika miezi mitatu, ajira yake huhesabiwa kuwa ya mwezi kwa mwezi, naye hustahili notisi ya siku 28. Sheria haitazami jina lililo kwenye cheti; yatazama kazi yenyewe.

Hapa huonekana ushauri ulio mwema na ulio mbaya. Mshauri mbaya humfundisha tajiri kuwaondoa watu kabla mwezi haujatimia na kuwarudisha baada ya siku mbili, au kuandika muhtasari wa kikao ambacho hukumu yake ilikwisha kupigwa chapa jana. Karatasi zote zipo, na haki haipo. Mahakama huweza kuzifunua karatasi kama hizo, kwa kuwa sheria yadai mambo mawili pamoja: sababu iliyo ya kweli na utaratibu ulio wa haki. Kimoja bila ya kingine hakitoshi.

Mtu aweza kuuliza, wakili anayelipwa na tajiri, aweza kumfaa mfanyakazi? Swali hili ni zito, wala silijibu kwa wepesi. Wakili huyo si mtetezi wa mfanyakazi, naye asijidai kuwa hivyo. Mfanyakazi ana chama chake, ana afisa wa kazi wa serikali, na ana mahakama. Lakini faida ya tajiri, kwa sheria ya leo, haipatikani ila kwa kupita katika haki ya mfanyakazi. Katika mwaka 1920 njia ya mkato ilikuwa wazi, na bwana aliipita bila kuogopa. Leo njia hiyo imewekwa lango, na wakili ndiye amwonyeshaye tajiri lango lilipo. Lango hilo hakulijenga yeye. Lilijengwa na waliovaa kengele shingoni, na waliokufa mwaka 1922, na aliyefungiwa mbali kwa miaka kumi na moja, na wanawake waliochimba handaki.

Msomaji kijana, karibu utamaliza masomo yako, na siku moja utawekewa karatasi mezani uitie sahihi. Mimi huwafundisha walimu wa kesho, nami nimeona jinsi wengine wanavyofurahi kupata kazi ya kwanza hata wasisome walichotia sahihi, na wengine hukubali kazi bila karatasi yoyote. Usifanye hivyo. Isome, uliza usiloelewa, kwani kuuliza si ujinga, weka nakala yako. Ukidhulumiwa usikawie, maana dai la kazi lina muda wake wa miaka mitatu, ukipita mlango hufungwa.

Na pengine wewe ndiwe utakayekuwa na duka Karatina, au shamba Timau, au shule Embu, ukawa na watu chini yako. Siku hiyo utakuwa na hasira juu ya mtu mmoja, nawe utakuwa na uwezo wa kumwondoa. Mwite kwanza, mwambie kosa lake kwa lugha aijuayo, kisha nyamaza umsikize.